Simpigii Mbwa Magoti

Jumapili, 5 Aprili 1987

Jua dogo. Theluji imebaki kwenye kivuli cha banda la baiskeli tu.

Nimeamua kuandika kwa Kiswahili. Wadogo zangu pacha, Babirye na Nakato, wana miaka minane na wanasoma kila kitu kilichoandikwa Kiswidi, hata maelezo ya nyuma ya pakiti ya maziwa. Kiswahili wanakisikia na kukijibu kwa Kiswidi, ila kukisoma wanaona uvivu. Mimi nilisoma Mwanza mpaka darasa la tatu kabla hatujaja huku, na Baba hajaniruhusu kukisahau. Hapa basi niko salama.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Novemba nimekuwa nikienda Spånga kuwatembeza mbwa wa Anti Roselyn. Anti ni Mkenya, muuguzi kwenye kituo cha afya cha Jakobsberg, na mume wake Bengt anafuga mbwa wa aina moja tu: wale wa jimbo la Västergötland, miguu mifupi, masikio wima, waliozoea kuchunga ng'ombe kwa kuwauma visigino. Bengt ameumia mgongo. Leo ameniita jikoni akiwa amelala sakafuni, maana hapo ndipo mgongo unapotulia, akaongea nami akiwa anatazama taa.

"Sixten anahitaji mtu wa kuingia naye uwanjani," alisema. "Kuna mashindano ya vijana. Jaji hampimi mbwa, anampima anayemwongoza. Wewe una mikono mizuri."

Nikasema sijawahi kuingia uwanja wowote.

"Kwani unaogopa nini?" Anti Roselyn akadakia kutoka kwenye sufuria. "Huyo mbwa akikuona wewe anasahau kabisa kama ni mimi humpa chakula. Haki nimeshaona wivu!"

Sixten alikuwa amelala juu ya mguu wangu. Nataka sana. Kikwazo ni Mama.

Jumatatu, 6 Aprili

Mawingu.

Nilisubiri mpaka Mama amalize kujipaka dawa magotini. Anafanya kazi kwenye shule ya watoto wadogo hapa Rissne, na msimu huu wa matope anarudi amechoka kuliko wakati wa baridi kali. Halafu nikasema yote kwa mkupuo.

Mama akaweka kifuniko cha chupa ya dawa mahali pake, taratibu. "Mbwa," alisema. Basi.

Baba akauliza, "Kazi ya mbwa huyo ni nini?"

"Kuchunga ng'ombe, Baba."

"Ng'ombe hasa?"

"Ng'ombe hasa."

Akaweka uma chini. Baba anaendesha treni ya chini ya ardhi, lakini alizaliwa kwenye ng'ombe, Masaka, na ng'ombe wakitajwa hukaa vizuri. "Nalongo," akamwambia Mama, kwani Waganda humwita hivyo mwanamke aliyezaa pacha, "mbwa wa mifugo ana ruhusa yake katika dini. Hata shehe hawezi kubisha."

"Na hao ng'ombe wako wapi hapa Rissne, Salongo?"

"Basi kwa sasa hana kazi. Hata mimi nilipofika nchi hii nilikaa mwaka mzima bila kazi, na hukunifukuza."

Mama alijaribu kutocheka. Nilimwona. Masharti yake ni haya: mbwa haingii kwetu, nguo za mbwa zinabaki Spånga, mate yake yakinigusa naosha kwa maji na udongo kama dini inavyotaka, na sala na shule ndizo za kwanza. Na yeye haendi kutazama.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeweka udongo safi kwenye chupa ya jamu, barazani. Nakato amepanda maharage ndani yake.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua ya baridi. Somo la kwanza, nyuma ya nyumba ya Bengt. Yeye amesimama akiegemea fimbo ya kutelezea theluji.

Sheria yake ya kwanza: usikae kamwe kati ya mbwa na jaji. Jaji akienda kulia, wewe unahamia upande mwingine wa mbwa. Ya pili: macho yako yagawane kazi, mara kwa mbwa, mara kwa jaji, na jaji umtazame usoni. Ya tatu: tabasamu, hii si hospitali.

Ya kwanza na ya tatu naziweza. Ya pili ni ngumu. Mwanamume mwenye umri wa Bengt akisema nami, shingo yangu inainama yenyewe.

"Juu!" anapiga kelele Bengt. "Sixten hayuko kwenye viatu vyangu!"

Jumatano, 29 Aprili

Ramadhani imeanza. Jua linazama karibu saa tatu usiku. Mbwa wanakunywa maji kwa kelele sana.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Wenzangu wote kwenye klabu ya mbwa wanawapa mbwa vipande vya soseji ya nguruwe. Nimechemsha maini ya ng'ombe, nikayakausha kwenye jiko la Anti, nikayakata madogo. Sixten ananifuata kama nimembeba mama yake mfukoni. Nafunga, na mfuko wangu unanuka nyama. Malaika wanaandika, natumaini.

Jumapili, 17 Mei

Jua, upepo. Jakobsberg.

Naandika kabla ya futari kwa sababu siwezi kukaa bure.

Uwanja ulikuwa wa mpira, umegawanywa kwa kamba. Baba alikuja na pacha, kila mmoja ameshika bendera ndogo ya Uswidi, sijui waliitoa wapi. Tulikuwa wasichana wengi na wavulana wawili. Nilivaa sketi ya bluu na kilemba kidogo cha rangi hiyohiyo, Anti alikuwa ameipiga pasi sketi mpaka ikasimama peke yake.

Mzunguko wa kwanza tulikimbia vizuri. Sixten alikwenda kama saa. Halafu jaji akaanza kutufikia mmoja mmoja. Alikuwa mzee, nywele nyeupe, koti la sufu lenye viraka vya ngozi viwikoni. Nilimwona akija. Nilikuwa nimejiandaa: macho juu, tabasamu, mbwa mbele yangu. Akafika, akaondoa kofia, akasema, "Habari za asubuhi, bibie."

Mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa tangu nijue kutembea. Nilipiga hatua moja mbele, nikapiga magoti yote mawili, pale kwenye nyasi, viganja vimekutana, macho chini.

Mbele ya mbwa.

Mzee akanyoosha shingo kulia. Akanyoosha kushoto. "Na mbwa yuko wapi?" akauliza, kwa upole kabisa. Sixten akachungulia kutoka nyuma ya mgongo wangu. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nikaruka, nikahama upande, nikapiga magoti tena kando ya Sixten kumpanga miguu, maana ni mfupi na wote wenye mbwa wafupi hufanya hivyo. Nilimpanga kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Nilikuwa wa mwisho. Mzee alinipa mkono na kusema mbwa wangu ananipenda, na kwamba siku moja angependa kumwona.

Tulipopanda treni Baba alikaa mkabala nami. "Ulimwamkia vizuri," akasema. "Mahali tu ndipo hapakuwa penyewe." Tukacheka mpaka mama mmoja akahama kiti.

Baadaye, siku hiyohiyo

Pacha wamesema. Walifika mlangoni kabla yangu na kupiga kelele kwa Kiswidi, kwa pamoja kama kawaida yao: "Mama! Mastula alimpigia mbwa magoti!"

Mama alikuwa anakanda unga wa sambusa. Hakugeuka.

"Eti?"

"Si mbwa, Mama," nilisema. "Mara ya kwanza ilikuwa jaji. Mara ya pili nilikuwa nampanga mbwa miguu."

"Ulikuwa kwenye magoti au hukuwa?"

"Nilikuwa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akafuta mikono. "Kwetu Bukoba na kwao baba yako Masaka, kote, msichana hupiga magoti. Kwa baba yake. Kwa mama yake. Kwa mgeni mwenye heshima zake. Goti lina wenyewe, Mastula. Nimevumilia manyoya, nimevumilia chupa ya udongo barazani kwangu. Sasa binti yangu anampigia mbwa magoti hadharani, na ndugu zake wanapeperusha bendera?"

"Wote wanafanya hivyo, Mama."

"Wote hawakuzaliwa na mimi."

Basi imeisha, nilifikiri. Nikaingia chumbani. Nilisikia sauti ya Baba kwa muda mrefu, ile sauti yake ya kutangaza kwamba treni imesimama kidogo na abiria wasiwe na wasiwasi. Baada ya futari wakaniita wote wawili.

Uamuzi ni huu. Naruhusiwa kumaliza msimu, lakini simpigii mbwa magoti, wala huyu wala mwingine. Nikifika fainali ya Septemba, Mama atakuja kutazama kwa macho yake. Akiona ni jambo la kumwaibisha, nimeacha. Si mwaka huu tu.

"Na nisipofika fainali?"

"Umeacha vilevile," alisema Mama. "Kwa nini kuvumilia manyoya kwa ajili ya wa mwisho?"

Baba akatazama dari.

Jumatatu, 18 Mei

Mvua. Bengt amesikiliza yote, akakuna kidevu. "Mbwa mwenye miguu ya sentimita hizi, bila kupiga magoti," alisema. "Basi itabidi asimame mwenyewe. Inawezekana. Sijawahi kuona mtu akiwa na subira hiyo."

Anti Roselyn: "Huyu anafunga mpaka saa tatu na nusu usiku na wewe unamuuliza kama ana subira?"

Ijumaa, 29 Mei

Idi imepita. Nilikula mpaka nikaona aibu. Mama amenishonea sketi mpya, ya kijani. Hakusema ni ya nini. Ina mifuko miwili mikubwa, saizi ya maini.

Jumanne, 2 Juni

Mvua. Tumeanza neno "simama". Nimeamua kumfundisha kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi anakisikia siku nzima na amekizoea kama sisi tunavyozoea kelele za friji. Kazi ni hii: ninasimama wima, nasema neno, kiganja kinashuka, naye anatakiwa kuweka miguu yote minne sawa, kichwa juu, na kubaki. Akikosea mguu mmoja napiga hatua moja nyuma na tunaanza upya. Siinami.

Leo amekaa chini kila mara na kunipa mkono.

Jumatano, 3 Juni

Mvua. Amekaa.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua. Amelala.

Jumatano, 10 Juni

Shule imefungwa! Tumeimba, nimepata alama nzuri, Baba ameninunulia keki yenye jordgubbar, yale matunda mekundu ya kiangazi, na kuinusa kama ina mafuta ya nguruwe, kisha akala vipande viwili.

Sixten amesimama vizuri kwa muda wa pumzi moja. Nilipiga ukelele, akakaa.

Ijumaa, 19 Juni

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Mvua kama kawaida. Waswidi wanacheza kuzunguka mlingoti wao wa majani na maua, wamevaa makoti ya mvua. Pacha wameruka kama vyura pamoja nao na kurudi wametapakaa matope mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi, 27 Juni

Nimekuwa namwona Mama kama ukuta mbele ya mlango. Leo nilifika nyumbani mapema nikamkuta kwenye chumba cha kufulia, zamu yetu ya kufua, anazungumza na jirani, na jirani akamuuliza binti yake anafanya nini likizo. Mama akasema kwa Kiswidi: "Anafundisha mbwa. Wa kuchunga ng'ombe." Alisema kama vile watu wanavyosema mtoto wao anasomea udaktari. Nikatoka bila kuingia.

Jumatano, 1 Julai

Jua! Mwalimu mpya: Babirye. Nimemleta Spånga na pacha mwenzake, Babirye akiwa jaji, amevaa kofia ya kazi ya Baba inayomfunika macho. Anazunguka mikono nyuma na kutoa hukumu.

"Mbwa huyu ana masikio mengi mno," alisema kwa Kiswidi.

"Mawili tu, mheshimiwa," nikamjibu kwa Kiswahili.

"Mengi mno. Kimbieni tena!"

Nakato alikuwa watazamaji. Alicheka, akapiga chafya, akaangusha baiskeli, yote kwa makusudi ili Sixten azoee. Sixten alisimama kama sanamu. Mimi pia nilipata faida: Babirye ananitazama kwa ukali hivi kwamba nimejifunza kumtazama jaji usoni bila kuinama. Nikielekea kushindwa, namkumbuka na ile kofia.

Jumapili, 12 Julai

Mvua asubuhi, jua baadaye. Mashindano Spånga.

Nimekuwa wa pili! Wa pili! Nimeandika mara mbili kwa sababu ni kweli.

Jaji safari hii alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mpira vyekundu. Wenye mbwa wafupi wote walishuka magotini. Mimi nikabaki wima, sketi ya kijani, nikasema "simama", kiganja chini. Sixten akapanga miguu kama mtu anayeweka vikombe mezani. Jaji akazunguka, nami nikahama, hakuna wakati nilipomzuia. Akauliza neno lile ni la lugha gani. Nikamtazama machoni nikamwambia.

Wawili wa kwanza huingia fainali, basi nimo. Baba amenibeba begani pale stesheni, mbele ya madereva wenzake, na mimi na miaka kumi na tano. Mama alipoambiwa alisema, "Ulipiga magoti?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Muulize Babirye."

Babirye akaapa. Mama akarudi jikoni, na baadaye nilisikia anaimba kaswida kwa sauti ya chini.

Jumatano, 5 Agosti

Idi ya kuchinja. Anti Roselyn alikuja na ndizi za kukaanga na shati lake halina unyoya hata mmoja. Alijipitishia mkanda wa gundi ngazini kabla hajagonga. Mama aliona. Wamekaa barazani wakicheka mpaka jioni. Nilimsikia Anti akisema, "Wewe Mama Mastula, ungekuja tu uone. Mtoto wako uwanjani ni mwingine." Mama akasema atakuja Septemba kama alivyosema, si kabla, maana yeye si mtu wa kuonja sufuria mara tatu.

Alhamisi, 20 Agosti

Shule ya upili. Nyumba kubwa, makabati ya chuma, nimepotea mara nyingi. Sixten: vizuri.

Jumatatu, 31 Agosti

Mvua kubwa.

Nilisahau funguo nyumbani, nikaenda kuchukua za Mama kwenye shule yake. Sijawahi kufika pale saa ya watoto kutoka nje. Kwenye ukumbi wa kuingilia kulikuwa na maji sakafuni, na watoto wamesimama kwenye mstari, kila mmoja na ovaroli yake ya mpira mikononi. Mama alikuwa amepiga magoti. Hakuniona. Mbele yake alisimama kitoto cheupe chenye pua inayotiririka, kinamshika Mama kichwani ili kisianguke, kwenye kilemba chake cha kazi, kwa vidole vyenye matope.

"Mguu," alisema Mama kwa Kiswidi. Kikaingiza mguu. "Sasa mwingine." Kikaingiza mwingine. Akafunga zipu, akafuta pua, akakigeuza kama kinyozi, akasogea kwa magoti, kwa magoti tu, hadi kwa mtoto wa pili. "Mguu."

Nilisimama pale na maji yakinidondoka.

Hakuna aliyekuwa akimwona duni. Wale watoto walimtazama kama yeye ndiye mwenye mlango wa dunia. Nilitaka kusema, "Mama, si ndiyo hiyo hiyo?" Lakini angedhani namfananisha mtoto wa watu na mbwa, au yeye na mimi, na kwa kuwa alikuwa kazini nisingethubutu. Nikachukua funguo. Akaniambia nifunge koti.

Sasa ninajua kwa nini anajipaka dawa. Leo nimempaka mimi.

Jumamosi, 19 Septemba

Upepo. Nimepiga pasi sketi. Maini yapo. Kesho.

Jumapili, 20 Septemba

Naandika yote kwa mpangilio, nisije nikaruka kitu.

Ukumbi wa michezo, kusini mwa jiji, sakafu inayong'aa. Mbwa wengi wanateleza kwenye sakafu kama hiyo, lakini Bengt alikuwa ametufanyisha mazoezi kwenye sebule yake bila zulia. Mama alikuja. Alivaa kilemba cha njano, cha harusi za watu, akakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, kati ya Baba na Anti Roselyn. Pacha walikuwa chini ya viti.

Jaji akaingia. Koti la sufu, viraka viwikoni. Yule yule mzee wa Jakobsberg.

Tulikimbia. Tulisimama. Alipofika kwangu akasema habari za mchana, nami nikamjibu huku nikimtazama usoni, Sixten kati yetu, anaonekana kuanzia pua hadi mkia. Mzee aliinua nyusi kidogo. Nilimwona Anti amemshika Mama mkono.

Halafu akasema, "Sasa badilishaneni mbwa. Kila mmoja na jirani yake."

Jirani yangu alikuwa Ulrika, msichana mrefu wa Täby mwenye mbwa mdogo, mrefu kama mkate, miguu kama ya kiti cha sebuleni. Jina lake Ärtan, yaani Njegere. Nikampa Ulrika mkanda wa Sixten. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Sema simama. Kiganja chini. Usiiname." Akasema asante na kunipa Njegere.

Sixten alimsikiliza Ulrika kama bwana mkubwa. Njegere hakunisikiliza hata kidogo. Nilisema simama, akakaa. Nikasema kwa Kiswidi, akalala. Nilimwonyesha ini, akala, akalala tena. Miguu yake ya nyuma ilikuwa inateleza, mmoja mashariki, mmoja magharibi, na jaji alishakuwa kwa mtu wa pili kutoka kwetu.

Mbwa wa namna ile hupangwa kwa mikono. Kila mtu pale anajua. Ilinibidi niende chini. Na Mama yuko pale, na kilemba chake cha njano, na neno langu.

Nilibaki wima. Jaji akasogea. Ndipo nikafanya kosa ambalo Bengt angenichapa kwa ajili yake: niliacha kumtazama jaji, nikamtazama Mama.

Mama alikuwa anamtazama Njegere. Ile miguu inayoachana. Nilimwona akinyanyuka kidogo kwenye kiti, mikono yake imeanza kusogea yenyewe, kama anashika kitu. Halafu akasimama wima kabisa, na kwa sauti yake ya kazini, ile inayovuka uwanja mzima wa michezo ya watoto, akaita:

"Mastula! Unangoja nini? Hakuna mtoto anayevalishwa kwa mbali! Piga goti umshike, anaanguka huyo!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mbwa wawili walibweka.

Nikashuka. Upande wa mbali, si kati yake na jaji. Goti moja sakafuni, mkono chini ya kifua cha Njegere, mguu, sasa mwingine, kichwa juu. Alitulia mikononi mwangu kama aliyechoka kuchezewa na sasa amepata mtu anayejua. Nikainua macho. Jaji alikuwa amesimama juu yetu.

"Yule bibi amesema nini?"

"Ni mama yangu. Amenipa ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kupiga magoti."

Akanitazama. Mimi pia nilimtazama. "Wewe ndiye yule wa Jakobsberg," alisema. "Uliyemficha mbwa."

"Ndiye mimi."

"Leo namwona vizuri sana," akasema, akaendelea na mwingine.

Wa kwanza alikuwa mvulana mwenye mbwa wa nywele nyekundu. Wa pili Ulrika. Wa tatu mimi! Jaji alipokuja na utepe nilikuwa nimesharudishiwa Sixten. Nilisema "simama", akasimama kando yangu, wazi kabisa, na ndipo nikamgeukia yule mzee na kupiga goti lile la nyumbani, kidogo tu, viganja pamoja. Akavua kofia. Nadhani hakujua afanye nini, basi naye akainama.

Nje, Mama alinishika kidevu. "Hilo la mwisho lilikuwa la mtu," alisema. "Nililiona."

"Na lile la kwanza, Mama?"

"Lile ni kazi." Akanifunga koti. "Ungeniambia mapema kwamba ni kazi, si ningekuelewa? Mnaniambia magoti, magoti."

Baba akafungua mdomo. Anti Roselyn akamkanyaga.

Sixten aliingia kwenye gari la Bengt, na sisi wote tukaalikwa Spånga kula. Mvua ilikuwa imeanza. Tulipofika, Sixten akapita kwenye dimbwi la mbele ya nyumba, halafu akasimama kwenye mkeka wa mlangoni, matope mpaka tumboni, akingoja kama anavyofundishwa. Bengt na mgongo wake hangeweza kuinama. Nilikuwa nafungua viatu vya Nakato.

Mama akamwomba Anti glavu za kuoshea vyombo. Akazivaa, za waridi, akazivuta mpaka kwenye viwiko. Akachukua taulo la mlangoni, akapima sakafu kwa macho, akapiga magoti mbele ya Sixten na kunyoosha mkono.

"Mguu," akasema kwa Kiswidi.

Sixten akampa.

"Sasa mwingine."